Boksiwudi au Mianzi? Bustani Mbili za Kifahari na Wenyewe Waliozipoteza

Kuna watu mshiko wao huishia kwenye magari, wengine kwenye mapenzi. Ufaransa iliwahi kuwa na jamaa wawili ambao zao ziliishia kwenye bustani. Mmoja alikuwa waziri wa fedha, mwingine mfanyabiashara wa viungo. Waliishi karne tofauti na hawakuonana kamwe. Waziri bustani yake ilipambwa kwa boksiwudi, mfanyabiashara yake ilikuwa msitu wa mianzi. Mimea yote miwili inasifiwa kwa jambo moja: haipukutishi majani hata baridi ikipiga. Na wote wawili bustani ziliwatoka mikononi.

Kwanza mimea yenyewe. Boksiwudi ni kichaka cha majani madogo, magumu, yanayong'aa. Kwa Kilatini inaitwa Buxus sempervirens, na neno hilo la pili maana yake ni "kijani siku zote". Inakua kwa mwendo wa kinyonga, sentimita 10 hadi 15 kwa mwaka, na mbao zake ni nzito kiasi kwamba zinazama majini. Ndiyo maana zamani zilitumika kutengenezea vitana, filimbi na vipande vya sataranji.

Mwanzi ni kinyume chake kabisa. Kwanza si mti, ni nyasi. Pili hauna subira: chipukizi la baadhi ya mianzi mikubwa ya Asia linaweza kupanda karibu mita 1 kwa siku moja. Boksiwudi ingehitaji miaka kama saba kufika hapo.

MKASI WA WARUMI

Mchezo wa kuikata boksiwudi maumbo ni wa kale. Mwanasheria mmoja tajiri wa Roma, miaka 1,900 hivi iliyopita, alimwandikia rafiki yake barua ya kuisifia nyumba yake ya shamba huko Toscana. Boksiwudi zake zilikatwa zikawa wanyama wanaotazamana. Nyingine zilikatwa herufi, zikaandika jina la mwenye nyumba na pia jina la fundi aliyezikata. Fundi kuwekwa kwenye "kredit" zama hizo, wakati kazi nyingi za bustani zilifanywa na watumwa, si jambo dogo.

Na hapo ndipo siri ya boksiwudi ilipo. Kichaka hicho peke yake hakina maajabu. Kinachoonekana ni mkono wa mtu. Kila mstari ulionyooka unasema: mwenye nyumba hii ana watu wa kumkatia majani mwaka mzima. Ilikuwa ni kujionesha tu, kabla ya Instagram.

Si kila mtu aliipenda, lakini. Majani yake yana harufu kali inayofanana na mkojo wa paka. Malkia Anne wa Uingereza alipotawazwa mwaka 1702, aliamuru boksiwudi zing'olewe kwenye bustani ya Hampton Court kwa sababu hakuweza kuivumilia.

SHEREHE YA TAREHE 17 AGOSTI 1661

Sasa turudi kwa yule waziri. Alikuwa anasimamia fedha za mfalme Louis XIV, na akajenga bonge la mjengo, Vaux-le-Vicomte, kusini mashariki mwa Paris. Aliita mafundi wakali kuliko wote: Louis Le Vau kwa majengo, Charles Le Brun kwa mapambo, na André Le Nôtre kwa bustani. Le Nôtre alitandika mbele ya jumba kitu kinachofanana na kanga iliyotarizwa: mistari ya vichaka vifupi vilivyojipinda kama uzi, juu ya sakafu ya changarawe na matofali yaliyosagwa.

Agosti 17, 1661, waziri akamwalika mfalme. Chakula kilikuwa cha kumwaga, chemchemi zikaruka, mchezo mpya wa Molière ukaoneshwa kwa mara ya kwanza, fataki zikapigwa. Mfalme alikuwa na miaka 22, na jumba lake mwenyewe halikufikia hata nusu ya hayo.

Septemba 5, siku mfalme anatimiza miaka 23, waziri akakamatwa. Aliyemtia nguvuni ni D'Artagnan, yule yule ambaye baadaye Alexandre Dumas alimfanya shujaa wa riwaya zake. Watu wengi wanasema sherehe ndiyo iliyomponza. Ukweli ni kwamba mfalme na washauri wake walikuwa wameshamtengenezea njama kabla ya mwaliko, kwa tuhuma za ubadhirifu. Sherehe ilikoleza tu. Kesi ilidumu miaka mitatu. Mahakama ikasema afukuzwe nchini, mfalme akaona hiyo ndogo, akambadilishia kuwa kifungo cha maisha. Alifia gerezani mwaka 1680.

Na mfalme? Alihamisha hata miti ya michungwa na sanamu kutoka Vaux, kisha akawachukua wale mafundi watatu. Walichomjengea kinaitwa Versailles.

MIANZI NA WASOMI

Wakati Ulaya inashindana kukata, China mwanzi ulikuwa na heshima ya aina nyingine. Ndani yake ni mtupu, wakauona ni mfano wa unyenyekevu. Upepo ukija unainama bila kuvunjika, wakauona ni mfano wa mtu mwenye msimamo. Pamoja na msonobari na mplamu, ukahesabiwa katika "marafiki watatu wa majira ya baridi". Msomi mmoja wa karne ya 4 anakumbukwa kwa kupanda mianzi hata kwenye nyumba aliyoazimwa kwa muda mfupi tu. Wapangaji wa mjini wanaonunua maua kila wakihama wana babu yao hapo.

Ulaya ilichelewa kuushtukia. Mwaka 1856, karibu na mji wa Anduze kusini mwa Ufaransa, yule mfanyabiashara wa viungo alianza kupanda mianzi aliyoletewa kutoka Asia ya Mashariki. Mimea ya namna hiyo haishibi maji, hivyo akachimba mifereji ya kuyaleta kutoka mtoni. Msitu ukapanda juu ya vichwa vya watu. Pesa nazo zikateremka. Mwaka 1890 alifilisika na shamba likamtoka. Lakini mianzi haikujua habari za deni, ikaendelea kukua. Leo bustani hiyo ipo, inatembelewa na watalii, na sehemu za filamu maarufu ya mwaka 1953, Le Salaire de la peur, zilipigwa humo.

KILA MMOJA NA NOMA YAKE

Mwanzi una tabia ya kutembea. Aina nyingi zinazovumilia baridi hupeleka mizizi yake chini kwa chini, na siku moja unaona chipukizi kwenye baraza la jirani. Jimbo la Connecticut, Marekani, liliweka sheria mwaka 2013: mwanzi wako ukivuka mpaka ukaharibu kwa jirani, gharama ni zako.

Halafu kuna maua. Aina nyingi huchanua mara moja tu maishani, msitu mzima kwa pamoja, kisha hufa. Huko Mizoram, kaskazini mashariki mwa India, aina moja huchanua kila baada ya miaka 48 hivi. Mbegu zikidondoka panya huzaliana kupita kiasi, zikiisha wanahamia mashambani. Njaa iliyofuata maua ya mwaka 1959 iliwakasirisha watu walioona serikali imewatupa. Chama kilichozaliwa kwenye hasira hiyo kiliingia msituni na silaha mwaka 1966, na amani ilipatikana mwaka 1986. Miaka 20 ya vita, na chanzo kimojawapo ni mmea uliochanua.

Boksiwudi nayo, pamoja na jina lake la "kijani siku zote", ilikutana na mbabe wake. Mwaka 2007 nondo mmoja kutoka Asia ya Mashariki alionekana Ujerumani, akiwa amesafiri na biashara ya mimea. Viwavi wake hula majani ya boksiwudi mpaka kichaka kinabaki vijiti. Kuvu nao wakaongeza ugonjwa. Pale Vaux, ile tarizi ilikuwa imepandwa upya mwaka 1923. Mwaka 2019 ikang'olewa yote, na mahali pake pakawekwa kazi ya sanaa ya bati za aluminiamu. Mfalme alishindwa kuifuta bustani ile, kiwavi akaweza. Na kiwavi mwenyewe katoka upande ule ule wa dunia ulioleta mianzi ya Anduze.

SASA UPANDE UPI?

Afrika Mashariki mwanzi si mgeni. Misitu yake imefunika miteremko ya Mlima Kenya na Aberdare, na Iringa wanagema ulanzi kutoka kwenye mianzi. Boksiwudi ni mtoto wa nchi za baridi. Huku kazi yake ya uzio unaokatwa kwa mkasi hufanywa na michongoma, tena kwa miiba ya kumfukuza mwizi.

Kwa hiyo mwenye kiwanja anayetaka faragha asiulize tu kipi kinabaki kijani. Ajiulize ana nini cha kutoa. Uzio wa kukatwa unadai mkono wa mtu kila mara, ukiuacha unaota nywele. Mwanzi unadai mipaka tangu siku ya kwanza: chagua aina inayokaa kwenye shina lake badala ya ile inayotambaa, au zungushia kizuizi ardhini kabla ya kupanda. Waziri alikuwa na mikono mingi ya kumfanyia kazi, mfanyabiashara alikuwa na pesa, na bado kijani kiliwazidi umri.

Wewe ungepanda nini pembeni ya ukuta wako? Na je, jirani yako kashakuletea mianzi bila hodi? Funguka hapo chini.