Presha, figo na chumvi iliyofichika ndani ya damu

Mtu wa Garsen, Tarasaa au Kipini akisema "nina presha", wengi wetu hufikiri ni ugonjwa wa moyo tu. Kumbe presha na figo ni kama chanda na pete: presha isiyotibiwa huharibu figo, na figo zikishindwa kazi presha hupanda zaidi. Nitaeleza kwa nini.

Figo nzima hutoa chumvi na maji ya ziada kwa njia ya mkojo. Zikishindwa, chumvi hubaki mwilini, maji huifuata, na mishipa hujaa. Hiyo ndiyo sababu kubwa.

Sababu nyengine imo ndani ya chembe za mwili. Kila chembe ina pampu ndogo ndogo zinazotoa sodiamu, ambayo ndiyo iliyomo kwenye chumvi, na kuingiza potasiamu: 3 nje, 2 ndani. Jens Skou wa Denmark aliigundua pampu hiyo mwaka 1957, akatunukiwa Nobel mwaka 1997. Wataalamu huipima katika chembe nyekundu za damu kwa kuwa kuzipata ni kudunga sindano tu. Kwa baadhi ya wagonjwa wa figo, pampu imeonekana kuzorota na sodiamu kurundikana ndani. Hali hiyo ikiingia kwenye misuli ya mishipa, kalsiamu huzidi, mishipa hukazana, presha hupanda.

Hapa petu twaijua sumu ya pampu hiyo bila kuijua. Ni ya msunguti, mti ambao Wawata walipaka utomvu wake uliochemshwa kwenye mishale ya kuwindia ndovu. Kemikali yake, wabaini, imepata jina kutokana na Kisomali, na huua kwa kuizuia pampu hiyo hiyo. Tangu 1991 kuna watafiti wasemao mwili wenyewe hutengeneza kitu kama hicho. Wenzao bado wanawapinga.

Ndugu zangu, Shirika la Afya Duniani lashauri chumvi isiyofika gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyomo kwenye ng'onda na papa. Mwenye figo mbovu asikimbilie madafu na ndizi bila kumuuliza daktari: potasiamu isiyotoka yaweza kusimamisha moyo. Kapime presha hata kama huumwi, wala usiache dawa kwa kuwa umejisikia nafuu.