Shalom: Wayahudi na maamkizi kwa watu wa dini nyingine

KATIKA Jiji la Dodoma, kama ilivyo katika miji mingine ya Tanzania, salamu ya ‘shalom’ husikika zaidi kwa Wakristo wa makanisa ya Kipentekoste kuliko kwa Wayahudi, ambao ndio wenye asili yake.

Je, mtu wa dini nyingine akisalimiwa hivyo na Myahudi, aitikie?

Kwa mafundisho ya Kiyahudi, hakuna kizuizi. Neno hilo la Kiebrania maana yake ni amani, nalo lina asili moja na ‘salaam’ ya Kiarabu, iliyozaa neno la Kiswahili ‘salamu’. Anayeambiwa ‘shalom aleichem’, yaani amani iwe juu yenu, hugeuza mpangilio na kuitikia ‘aleichem shalom’.

Mishna, mkusanyiko wa sheria za Kiyahudi uliokamilika takriban mwaka 200 baada ya Kristo, inaruhusu kuwasalimu wasio Wayahudi kwa ajili ya kudumisha amani.

Talmud ya Babeli nayo inamsifu Rabi Yohanan ben Zakkai, aliyeishi katika karne ya kwanza, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumtangulia kwa salamu, hata asiye Myahudi aliyekutana naye sokoni. Kitabu hicho kinamhesabu asiyeitikia salamu kuwa ni mnyang’anyi, kwa maana ameshikilia haki ya mwenzake.

Ipo mipaka ya adabu. Wayahudi wengi wa madhehebu ya Orthodox hawashikani mikono na mtu wa jinsia nyingine asiye wa familia yao, hivyo kutopewa mkono si dharau. Kuanzia Ijumaa jioni hadi Jumamosi usiku, salamu huwa ‘Shabat shalom’.

Katika Afrika Mashariki, jumuiya ya Kiyahudi ya Abayudaya iko karibu na Mbale, Uganda, na mwanzo wake ni mwaka 1919 chini ya Semei Kakungulu. Mwaka 2004, wakulima wake waliungana na majirani Waislamu na Wakristo kuunda ushirika wa kahawa wa Mirembe Kawomera, maana yake ‘amani tamu’.

Kwa wenyeji wa Dodoma jambo hilo si geni. Mgogo anapowaamkia watu ‘mbukwenyi’, haulizi kwanza nani ni wa dini gani. Vivyo hivyo, anayeitikia ‘shalom’ hakani imani yake, bali anarudisha amani aliyotakiwa.