Koki ya Kumwagia Oili Mikelenge
Reli ya kampuni ya CFL nchini Kongo, iliyounganisha Kindu na Kongolo kabla ya mwaka 1912 ili shehena iepukane na maporomoko ya mto Lualaba, ilileta garimoshi zenye koki za silinda, ambazo dereva alizifungua kwa wenzo kutoa maji ya mvuke uliopoa kabla ya kushika mwendo. Basi koki inayouzwa leo badala ya nati ya kumwagia oili ya gari si uvumbuzi mkubwa, na hunusuru hesi zisilike; ila katika Mikelenge, komuni ya mji wa Kindu, ambako njia nyingi ni za udongo, yafaa kutazama kwanza imechomoza kiasi gani chini ya injini, kisha kibanio kizuiacho wenzo usifunguke. Koki ikining'inia, heri nati ya asili na washa mpya ya shaba.