Kusadikika: Kitabu Kilichonishangaza Mara Tatu

Mhariri wa gazeti letu aliponiandikia akitaka makala ya historia kwa ajili ya mkutano wa mwaka huu, fikira zangu za kwanza zilikwenda kwenye historia ya shule yenyewe: nani aliyejenga bwalo, kengele ilitoka wapi, na ule mwembe wa mbele ya ofisi ya Mwalimu Mkuu ulikatwa kwa sababu gani. Lakini mambo hayo wapo wenzetu wayajuao kunishinda. Mimi naomba niandike juu ya kitabu kimoja kidogo kilichokuwa katika maktaba yetu, nacho ni Kusadikika cha marehemu Shaaban Robert. Nimekisoma mara tatu katika maisha yangu, na kila mara kilinifumbua macho kwa jambo ambalo sikulitazamia. Jambo la mwisho lilinitia aibu, na hilo ndilo hasa linalonifanya nishike kalamu.

Tuliolala bweni moja mtakumbuka. Tulikuwa kidato cha pili. Nakala ilikuwa moja tu, ganda lake limeshonwa kwa uzi wa viatu. Jenereta ilizimwa saa nne usiku, na baada ya hapo mmoja wetu alijifunika blanketi na tochi yake akasoma kwa sauti ya chini, nasi tukasogeza vichwa karibu kusikiliza. Wengi wetu tulikitaka kitabu kile kwa sababu ya ajabu zake. Kusadikika ni nchi iliyo angani. Imezungukwa na pande nne za dunia, juu yake iko mbingu, na chini yake iko ardhi. Kwa vijana waliokuwa hawajapanda hata ndege, nchi ya namna hiyo ilikuwa tamu kuliko usingizi.

Kwa ndugu waliosahau, nitaikumbusha hadithi kwa ufupi. Kijana Karama anashtakiwa mbele ya Mfalme Jeta na baraza lake. Mshtaki wake ni Waziri Majivuno, na kosa lake ni kuanzisha mafunzo ya sheria katika nchi. Karama anajitetea kwa siku sita, na katika siku hizo anasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa zamani kwenda kutafuta mambo ya kuifaa Kusadikika: Buruhani, Fadhili, Kabuli, Auni, Ridhaa na Amini. Wanne walikwenda pande nne za dunia, mmoja mbinguni na mmoja ardhini. Walipata taabu kubwa njiani, wakaona nchi zilizoendelea, wakarudi na mashauri mema. Malipo yao yalikuwa kifungo.

Hapo ndipo tuliposhangaa mara ya kwanza. Alipofungwa Buruhani tulinyamaza kimya. Alipofungwa Fadhili, mwenzetu mmoja alisema kwa sauti iliyomwamsha kiranja, "Sasa huyu naye amekosa nini?" Tulipofika kwa Kabuli tulianza kuwekeana dau la maharage. Mimi niliweka dau kwamba Kabuli ataokoka, maana jina lake lenyewe ni la kukubaliwa. Nikala ugali mkavu. Nikaweka dau kwa Auni, nikala ugali mkavu tena. Wenzangu walikwisha ujua mwendo wa hadithi, lakini mimi niliendelea kusadiki kwamba haiwezekani watu wenye akili wafanye ujinga uleule mara sita. Ndugu mmoja, ambaye leo ni daktari, aliniambia neno ambalo sikulijali wakati ule: "Wewe unaangalia mjumbe. Mwangalie anayempokea."

Mara ya pili ilikuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Nilikuwa nikisoma historia, na siku moja tulifundishwa habari za mahakama za wenyeji wakati wa utawala wa Mwingereza. Mwaka 1929 serikali ya Tanganyika ilitunga sheria iliyoziondoa mahakama hizo chini ya Mahakama Kuu na kuziweka chini ya maofisa wa utawala. Mwananchi asiyeridhika na hukumu ya mahakama yake alikata rufaa kwa ofisa wa wilaya, kisha kwa mkuu wa jimbo, na mwisho kwa Gavana. Wakili hakuruhusiwa kusimama humo kumsemea mtu. Wazee wetu walimwita yule ofisa Bwana Shauri, na jina hilo lilimfaa sana, kwa kuwa mtu yuleyule aliyesimamia kodi ndiye aliyesikiliza malalamiko juu ya kodi.

Nilipotoka darasani nilikwenda moja kwa moja maktaba, nikakiazima Kusadikika na kukisoma nikiwa nimesimama kati ya makabati. Shtaka la Karama, ambalo bwenini tulilipita kama kisingizio tu cha kuanzishia hadithi, lilikuwa limebadilika mbele ya macho yangu. Kwa nini mwandishi hakumshtaki Karama kwa wizi, au uchawi, au kumtukana Mfalme? Kwa nini sheria? Kitabu kilichapishwa mwaka 1951, wakati nchi ilikuwa na mahakama ambazo mtu wa kawaida aliingia peke yake na kutoka peke yake. Kumfundisha mtu wa namna hiyo sheria lilikuwa jambo zito. Hata uhuru ulipopatikana mwaka 1961, mawakili Waafrika katika Tanganyika walikuwa wachache mno, na chuo kikuu chetu kilipofunguliwa Oktoba mwaka huohuo kilianza na kitivo kimoja tu, cha sheria, chenye wanafunzi wasiofika 15. Tena tusijisifu upesi, maana kwa miaka mingi baada ya uhuru mawakili waliendelea kuzuiwa katika mahakama za mwanzo, ambazo ndizo zilizo karibu na watu wetu vijijini.

Baada ya hapo nilizitazama vingine na habari za wajumbe. Mwaka uleule wa 1951, serikali iliwahamisha kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki ili kuwapisha walowezi wa Kizungu. Nyumba zilichomwa na mifugo ikaondolewa. Wameru wakachanga fedha, wakamtuma Kirilo Japhet mpaka New York, akasimama mbele ya Umoja wa Mataifa mwaka 1952 kueleza shauri lao. Azimio la kutaka warudishiwe ardhi halikupata theluthi mbili za kura zilizotakiwa. Mwaka 1955 Mwalimu Nyerere naye alikwenda hukohuko kusema kwa niaba ya TANU, na aliporudi alilazimika kuacha kazi yake ya ualimu pale Pugu. Sisemi kwamba Shaaban Robert aliandika habari za watu hao, maana kitabu kilikwisha toka kabla hawajasafiri. Nasema kwamba alikuwa ameuona mwendo wenyewe. Alijua kwamba katika nchi ya namna ile mtu anayetoka kwenda kutafuta shauri jema atarudi na kukuta mlango umefungwa.

Basi nikafurahi sana, kama afurahivyo mtu aliyetegua kitendawili. Nikaandika insha, nikapata alama nzuri. Nilisema kwamba Kusadikika ni Tanganyika, Majivuno ni mkoloni, na nchi iliwekwa angani kwa sababu angani hakuna Bwana Shauri wa kukasirika. Kwa miaka karibu ishirini niliwaeleza watu hivyo, hata katika karamu za harusi.

Mara ya tatu ilikuja nikiwa likizo nyumbani. Binti yangu, aliyekuwa kidato cha pili kama sisi enzi zile, alikuwa akikisoma kitabu hicho barazani. Nikamweleza, kwa ule ufahari wa mzazi aliyesoma, kwamba kitabu hicho ni habari za wakoloni. Akanitazama, akafungua kurasa chache nyuma, kisha akaniuliza, "Baba, Mzungu yuko wapi humu?"

Ndugu zangu, nilikichukua kitabu mkononi nikijua nitamwonyesha mara moja. Sikumwonyesha. Hayumo. Mfalme Jeta ni Mkusadikika, Majivuno ni Mkusadikika, na madiwani wanaokubali kila neno la Majivuno ni Wakusadikika. Wajumbe wale hawakufungwa na wageni waliowakuta katika safari zao, ila na ndugu zao waliowatuma. Mgeni nilimtia mimi, nikamkalisha katika kiti cha Majivuno, na kwa kufanya hivyo nikajiokoa mwenyewe nisikalishwe hapo.

Usiku ule nilikisoma upya mpaka mwisho. Niliyatazama na majina ya wajumbe, ambayo bwenini yalikuwa ya kuwekea dau la maharage tu. Buruhani ni hoja iliyothibitika. Fadhili ni wema, Kabuli ni ukubali, Auni ni msaada, Ridhaa ni kuridhia, Amini ni uaminifu. Nchi iliyowafunga watu hao sita imefunga mambo yote ambayo bila hayo hakuna utawala unaosimama. Nikakumbuka pia kwamba mwandishi wake alikuwa mtumishi wa serikali kama mimi. Alianza ukarani wa forodha mwaka 1926, na alikaa katika idara mbalimbali za serikali mpaka mwaka 1960, jumla ya miaka 34. Barua na taarifa ziliingia mezani kwake na kutoka, na bila shaka alizijua zile zinazoingia zisitoke. Nilikuwa nimemhesabu kuwa malenga tu, nikasahau kwamba alikuwa mwenzangu wa ofisini.

Sasa niseme la aibu. Katika ofisi moja niliyofanya kazi, kijana mmoja aliyekuwa chini yangu alitumwa vijijini kwa wiki mbili kuangalia hali ya visima. Alirudi na taarifa ya kurasa kumi na moja. Alieleza kwamba pampu nyingi hazikuwa zimeharibika kabisa. Zilikosa vipuri vidogo ambavyo vilikuwa vimelala ghalani kwetu, vikisubiri kibali ambacho hakuna aliyekumbuka kukiomba. Taarifa ilikuwa na ukweli mtupu, na ukweli huo ulimgusa mkubwa wangu, nami ulinigusa. Niliisoma yote. Kisha nikaandika dokezo la maneno mawili: "Imeonekana. Ihifadhiwe." Jalada likarudi masijala. Kijana alipouliza mara ya pili aliambiwa awe na subira. Alipouliza mara ya tatu akapewa uhamisho, na barua ya uhamisho ule niliiandaa mimi.

Sikumfunga mtu, wala sikupiga kelele kama Majivuno. Nilikuwa na adabu. Ndiyo maana sikujitambua kitabuni kwa miaka yote ile, kwani nilimtafuta mtu mwenye makelele.

Niliporudi kutoka likizo nilikwenda masijala mwenyewe nikaliomba lile jalada. Lilipatikana baada ya siku mbili, na taarifa ilikuwa mahali pake, safi kama siku ilipoandikwa. Niliitia dokezo jipya, nikieleza na kosa langu, nikaipeleka juu. Baadhi ya vipuri vilitoka ghalani, na vingine vilikuwa vimekwisha kula kutu. Mkubwa wangu hakufurahi. Yule kijana alikwisha acha utumishi. Nilimtafuta, nikampata kwa simu, nikamwomba radhi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Asante, mzee. Watu wa vijiji vile wamechota maji ya mtoni miaka minne." Hakusema zaidi, na sikuwa na la kumjibu.

Katika kitabu, Mfalme anamsikiliza Karama kwa siku sita, na mwisho Karama anaachiliwa na wajumbe waliofungwa wanafunguliwa. Bwenini tulishangilia hata kiranja akaja na fimbo. Leo naona mwisho ule ulihitaji watu wawili. Alitakiwa kijana wa kusema siku sita bila kukata tamaa, na alitakiwa mkubwa wa kukaa kitini siku sita akasikia habari mbaya za utawala wake mwenyewe. Shule yetu ilitufundisha vizuri kuwa yule wa kwanza. Tulifanya midahalo, tulijifunza kujenga hoja. Sikumbuki somo la kuwa yule wa pili, ingawa wengi wetu sasa tuko katika umri wa kukaa kitini. Tuko maofisini, mahospitalini, mashuleni na kwenye makampuni, na kila wiki mtu mdogo kwetu anabisha hodi akiwa na karatasi mkononi.

Kwa hiyo nina maombi mawili. La kwanza, kila mmoja wetu kabla ya mkutano alitafute jalada moja alilolihifadhi huku akijua kwamba halikustahili kuhifadhiwa, alitoe. La pili, maktaba ya shule yetu isikae na nakala moja ya Kusadikika iliyoshonwa kwa uzi wa viatu. Tukichanga kila mtu bei ya nakala moja, darasa zima litasoma pamoja, tena mchana.

Mimi nitakuja na nakala zangu tano. Na yule ndugu daktari, aliyenila maharage yangu mara mbili, naomba anitafute siku hiyo nimwambie kwamba neno lake nimelielewa.