Lisanse

Zamani kule Baraka, Fizi au Minembwe, mashariki mwa Kongo, aliyekuwa na lisanse alikuwa amesoma chuo kikuu miaka 5: gradua miaka 3, kisha lisanse yenyewe miaka 2. Tangu mwaka wa masomo 2021-2022, Kongo ilipoeneza mfumo wa LMD (lisanse, masta, doktora), lisanse ni miaka 3, halafu masta miaka 2. Mwajiri anayesoma diploma atazame mwaka kwanza, asije akamdhulumu mtu.

Linalonigusa zaidi ni kredi, yaani vipimo vya kazi ya masomo. Lisanse mpya inadai kredi 180, na ndani yake zimo saa za mwanafunzi kujisomea peke yake. Kule Minembwe, kwenye Chuo Kikuu cha Eben-Ezer, saa hizo zinataka kitabu kilichopandishwa mlimani, taa ya usiku na usalama wa kukaa ukasoma.