Neno la Serikali Chini ya Nyiragongo

Kibumba iko kilomita zipatazo 25 kaskazini ya Goma, mashariki mwa Kongo, kwenye barabara ya taifa namba 2 iendayo Rutshuru. Upande mmoja kuna mpaka wa Rwanda, upande wa pili volkano ya Nyiragongo. Kabichi, karoti na viazi vya hapo hulisha masoko ya Goma, na vijana wa chukudu, baiskeli za mbao za kusukumwa, ndio wanaovitelemsha hadi mjini. Duniani kote, anayetaka kueleza jinsi raia wanavyoacha kuiamini serikali yao baada ya maafa hutaja kwanza Chernobyl na Fukushima. Chini ya Nyiragongo hakuna kinu cha nyuklia, lakini hatari yake ni ya jamaa hiyohiyo: gesi isiyoonekana, moto unaotembea chini ya ardhi, vipimo ambavyo mkulima hawezi kuvisoma mwenyewe na kwa hiyo analazimika kutegemea kauli ya mwenye chombo. Katika mazingira hayo, kuaminiwa kwa kauli hiyo ni suala la uhai. Watu wa Goma na Nyiragongo wamesemwa mara nyingi kuwa wakaidi, wasiosikia, wanaopenda uvumi kuliko taarifa rasmi. Historia inaonyesha jambo tofauti: wamesikia sana, wamekumbuka walichosikia, na wamekilinganisha na walichokiona.

Mifano ya mbali inasaidia kuona kinachoharibu imani hasa. Usiku wa 26 Aprili 1986 mtambo namba 4 wa Chernobyl ulilipuka. Wakazi wa Pripyat walihamishwa kesho yake mchana wakiamini wanaondoka kwa siku tatu, na taifa la Kisovieti likatangaziwa jioni ya tarehe 28, baada ya kituo cha Forsmark nchini Sweden kugundua mionzi. Nchini Japani, Machi 2011, watu wa mji wa Namie walikimbilia Tsushima, upande uleule ambao upepo ulipeleka mionzi ya Fukushima, huku makadirio ya kompyuta za serikali yaliyoonyesha uelekeo huo yakiwa hayajatangazwa. Mwaka 2016 kampuni ya TEPCO ilikiri kwamba mkuu wake wa wakati ule aliagiza wasaidizi wasitamke kwamba kiini cha mtambo kimeyeyuka. Katika visa vyote viwili mafundi walikuwa na data. Wenye mamlaka waliamua raia wajue nini na lini, na raia walipogundua kwamba uamuzi huo ulifanywa kwa niaba yao, hata taarifa za kweli zilizofuata zilipokewa kwa shaka.

Nyiragongo ina kumbukumbu ndefu zaidi ya hizo mbili. Tarehe 10 Januari 1977 ziwa la lava lililokuwa kileleni lilimwagika kupitia nyufa za mlima kwa muda usiofika saa moja, likashuka kwa kasi iliyowashinda watu mbio. Idadi ya waliokufa haijawahi kukubaliwa na wote: mamlaka za Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati ule, zilitaja dazeni kadhaa, makadirio mengine yakafika mamia. Serikali ambayo haikuweza kuhesabu maiti wa vijiji vyake ilikuwa imeanza vibaya. Miaka 25 baadaye, Januari 2002, Goma ilikuwa chini ya waasi wa RCD-Goma waliosaidiwa na Rwanda. Kituo cha uchunguzi wa volkano cha Goma, OVG, kilikuwa na vituo viwili tu vya kupimia mitetemeko vilivyofanya kazi. Mwanasayansi wake, Dieudonné Wafula, aliona dalili na kutoa tahadhari kabla ya mlipuko, lakini hakukuwa na utawala wenye nia wala uwezo wa kuitumia. Tarehe 17 Januari lava ilipita katikati ya mji, ikafunika sehemu ya njia ya kurukia ndege na kuwaacha watu wapatao 120,000 bila makazi. Laki kadhaa walivuka kwenda Gisenyi. Kisha wakafanya jambo lililowashangaza wengi: ndani ya siku chache, ardhi ikiwa bado inatetemeka, walirudi kwa miguu, ingawa mashirika ya misaada yaliwaandalia kambi ndani ya Rwanda. Wengine waliita hilo wazimu. Kwa watu waliokuwa wameona vita vya 1996 na 1998 vikiingia kutoka upande huohuo, kukataa kukaa kambini Rwanda ulikuwa uamuzi wenye sababu. Walipima hatari mbili, wakachagua ile waliyoijua vizuri zaidi.

Kibumba yenyewe ilijifunza kupima maneno ya wakubwa kwa njia nyingine. Julai 1994 karibu wakimbizi 200,000 kutoka Rwanda walipiga kambi hapo, juu ya mwamba wa lava usio na maji, na kipindupindu kikawafyeka. Katika kambi za eneo la Goma kwa jumla, watu wapatao 50,000 walikufa ndani ya mwezi wa kwanza. Viongozi wa utawala wa Rwanda ulioanguka walidhibiti kile ambacho wakimbizi wangeambiwa kuhusu kurudi kwao. Kambi iliposhambuliwa na kuvunjwa mwishoni mwa Oktoba 1996, wakubwa wa dunia walianza kubishana kuhusu idadi ya watu waliobaki msituni: Marekani ikisema ni wachache, mashirika ya misaada yakisema ni malaki. Novemba 2012 helikopta za MONUSCO, ujumbe wa Umoja wa Mataifa, zilipiga ngome za waasi wa M23 karibu na Kibumba. Siku tatu baadaye wanajeshi wa ujumbe huohuo, ambao ulikuwa umeapa kuwalinda raia, walisimama wakiwaangalia waasi wakiingia Goma. Tena tarehe 23 Desemba 2022 M23 ilifanya sherehe ya kukabidhi Kibumba kwa kikosi cha Jumuiya ya Afrika Mashariki, ikaiita ishara ya nia njema. Jeshi la Kongo likasema kwamba ni hadaa. Mkulima aliyekuwa shambani hakuwa na haja ya msemaji yeyote kati yao. Aliwaona wenye bunduki walikokuwa.

Imani haivunjwi na vita peke yake. Ebola ilizuka katika jimbo hilihili la Kivu Kaskazini Agosti 2018, na mwishoni mwa Desemba tume ya uchaguzi, CENI, ikatangaza kwamba Beni na Butembo hazitapiga kura tarehe 30 pamoja na nchi nzima. Zingoje hadi Machi 2019. Sababu kuu iliyotolewa ilikuwa ugonjwa na usalama. Rais mpya aliapishwa Januari 24, yaani kura za ngome hizo za upinzani hazikuwa na kazi tena katika kumchagua. Beni iliandamana, kituo cha wagonjwa kikashambuliwa, na siku ya uchaguzi raia wakapanga foleni na kujipigia kura yao ya mfano. Utafiti uliofanywa Beni na Butembo miezi mitatu kabla ulikuwa umekuta kwamba mtu mmoja kati ya wanne hakuamini kuwa Ebola ipo. Uamuzi wa Desemba uliwapa watu hao hoja ambayo hawakuwa nayo: sasa ugonjwa ulikuwa umetumika kuwanyima kura. Kufikia mwisho wa mlipuko, Juni 2020, watu 2,287 walikuwa wamekufa. Siwezi kusema wangapi kati yao waliuawa na kutoaminiana, lakini sioni jinsi mtu anavyoweza kuieleza idadi hiyo bila kutaja kutoaminiana huko.

Mei 2021 iliyakuta yote hayo yakiwa bado mabichi. Kivu Kaskazini ilikuwa imewekwa chini ya utawala wa dharura wa kijeshi tangu tarehe 6. OVG ilikuwa imepoteza ufadhili wa Benki ya Dunia mwaka uliotangulia, katikati ya tuhuma za ubadhirifu, na kwa miezi kadhaa ilikosa hata intaneti ya kupokea data kutoka vituo vya mbali. Mjini kulikuwa na mfumo wa rangi nne za tahadhari, lakini manjano ilikuwa imekaa miaka mingi hadi hakuna aliyeitazama. Jumamosi ya tarehe 22, jioni, anga likawa jekundu bila tangazo lolote. Kauli ya kwanza ya OVG ilisema ni Nyamulagira, mlima jirani ulio umbali wa kilomita 13 hivi. MONUSCO, baada ya kurusha ndege, ikasema lava haionekani kuelekea Goma. Usiku uleule lava ilifika Buhene, kwenye ukingo wa mji, na tawi lake likakata barabara ya Kibumba karibu na Kibati. Zaidi ya watu 30 walikufa, baadhi yao siku zilizofuata, kwa gesi, walipojaribu kuvuka lava iliyokuwa haijapoa ili kupita kati ya Goma na vijiji vya kaskazini.

Halafu ikaja tarehe 27. Saa za usiku wa manane gavana wa kijeshi, Jenerali Constant Ndima, aliamuru kartye 10 kati ya 18 za Goma zihamwe, kwa kuwa vipimo vilionyesha magma chini ya mji na chini ya Ziwa Kivu. Watu wapatao 400,000 waliondoka, wengi kwenda Sake, ambako hakukuwa na maji, vyoo wala chakula cha kutosha. Tarehe 29 serikali ilitangaza kwamba kilima cha Murara kimelipuka; saa chache baadaye ikakanusha, kwani ndege iliyopita juu haikuona mlipuko. Waziri Mkuu Sama Lukonde alipotangaza tarehe 7 Juni kwamba watu watarudishwa kwa awamu, maelfu walikuwa wamesharudi bila kumngoja.

Hapa kuna pingamizi zito. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 katika jarida la Nature ulionyesha kwamba mlipuko ule haukutoa dalili za kawaida: ishara zilizo wazi zilianza kama dakika 40 tu kabla. Kwa hiyo, wanasema wengine, ni dhuluma kuwalaumu wataalamu kwa kutoonya, na raia wanaolaumu hawaelewi sayansi. Nusu ya kwanza ni kweli, na inapaswa kusemwa kwa sauti, kwa sababu watafiti wa OVG walifanya kazi katika hali ambayo wenzao wa Ulaya wasingeivumilia wiki moja. Lakini nusu ya pili haifuati. Malalamiko ya Goma hayakuhusu kutotabiri peke yake. Yalihusu kutajiwa mlima usiohusika, kuamriwa kuhama bila kuelezwa watakula nini, na kutangaziwa mlipuko ambao haukuwapo. Utafiti huohuo ulithibitisha kwamba magma ilikuwa kweli imepenya chini ya mji na ziwa, yaani amri ya tarehe 27 ilikuwa na msingi. Hilo ndilo linaloniuma zaidi: taarifa nzito kuliko zote, na ya kweli, ilipitishwa kwenye mdomo ambao ulikuwa umeshaacha kuaminiwa.

Wapo pia wanaosema kwamba uwazi ungeleta taharuki, kwamba raia wakiambiwa wataalamu hawana uhakika watakanyagana. Usiku wa 27 Mei unawajibu. Watu hao hao wanaodaiwa kutosikia walitii ndani ya saa chache, wakabeba watoto na magodoro, kwa sababu walichoambiwa kililingana na mitetemeko waliyoihisi miguuni na nyufa walizoziona barabarani. Waliacha kutii pale ambapo maneno na hali halisi viliachana: hakuna chakula, hakuna tarehe, na tangazo moja likifuta lingine. Mtu wa namna hiyo si mkaidi. Anafanya kazi ya ukaguzi ambayo taasisi zimemwachia. Na wanaoutupia uvumi wa WhatsApp lawama zote wanasahau kwamba uvumi hukimbia haraka zaidi katika ukimya wa ofisi. Ni kweli uvumi huua. Lakini huwezi kumwambia mtu aache kusikiliza jirani yake ikiwa huna cha kumpa badala yake hadi saa saba usiku.

Japani ilijifunza angalau jambo moja: Septemba 2012 usimamizi wa usalama wa nyuklia uliondolewa katika wizara iliyokuwa ikihimiza nyuklia, ukapewa mamlaka yake yenyewe. Kongo inahitaji kitu cha aina hiyo kwa volkano zake: OVG yenye bajeti ya kudumu isiyotegemea mradi wa mfadhili, inayotangaza vipimo vyake kila wiki hata mlima ukiwa umetulia, inayosema wazi kile isichokijua, na ikikosea ieleze kosa lilivyotokea badala ya kufuta tangazo. Muhimu kuliko yote, taarifa zake zisingoje sahihi ya gavana. Haja hiyo imekuwa kubwa zaidi tangu Goma ilipoingia mikononi mwa waasi wa AFC/M23 Januari 2025, kwani sasa hata kuzungumzia nani ana haki ya kutangaza ni siasa. Kwa Kibumba, ambayo barabara yake kuu ndiyo iliyokatwa na lava mwaka 2021, kinachohitajika kujulikana mapema ni kwamba upande wa Goma ukifungwa watu waende wapi: kaskazini kupitia Rugari hadi Rutshuru, au mashariki mpakani, na nani atawafungulia huko. Jibu hilo linapaswa kuwa kwa chifu, kwa walimu na kwa wasukuma chukudu kabla ya tetemeko la kwanza, na likibadilika waambiwe limebadilika kwa nini.