Kabla ya Jamvi: Msingi wa Nani Hukaguliwa?

Katika ujenzi wa nyumba kuna saa moja isiyo na marudio. Ni saa ile baina ya kukamilika kwa msingi na kumwagwa kwa jamvi, yaani sakafu ya zege. Kabla yake kila kitu kiko wazi: kina cha mtaro, aina ya udongo, kifusi kilivyoshindiliwa, nondo zilivyofungwa na kuinuliwa zisilale ardhini, karatasi ya nailoni ya kuzuia unyevu, dawa ya mchwa, na bomba la majitaka litakalopita chini. Baada yake, yote huwa siri ya fundi na Mwenyezi Mungu. Wahenga walituonya kwamba tusipoziba ufa tutajenga ukuta. Lakini ufa ulio chini ya jamvi hauonekani mpaka uwe umekwisha kupanda ukutani.

Swali langu leo, ndugu msomaji, ni la kihistoria kuliko la kiufundi: katika nchi hii, ni msingi wa nani umekuwa ukikaguliwa, na ni wa nani umeachwa?

Tuanze na dola ya kikoloni. Wajerumani walitunga kanuni za ujenzi za mji wa Dar es Salaam mwaka 1891, wakatunga nyingine mwaka 1914. Kanuni hizo ziliugawa mji kwa aina ya nyumba, na kwa hiyo kwa aina ya watu. Waingereza waliuendeleza mgawanyo huo, na hata leo tunazo kumbukumbu zake katika maneno Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Nyumba ya mawe ya Uzunguni ilidaiwa ramani na vipimo. Nyumba ya miti na udongo ya Uswahilini ilihesabiwa kuwa kibanda cha muda, na haikudaiwa kiwango cha maana.

Hata hivyo, kibanda hicho hakikusahauliwa na serikali. Kodi ya nyumba ilianza kutozwa mwaka 1898, na tangu hapo karani alifika mpaka vijijini kwa Wasagara, Wakaguru na Wavidunda wa Kilosa ili avihesabu. Dola ilijua idadi ya mapaa. Haikutaka kujua yamesimama juu ya nini. Hapo ndipo ulipozaliwa uhusiano ambao bado hatujauvunja: mwananchi anapomwona ofisa karibu na nyumba yake, hufikiri amekuja kuchukua.

Tukiri, kwa haki, kwamba nyumba ya miti na udongo haikuhitaji mkaguzi kutoka bomani. Nguzo iliyoliwa na mchwa ilionekana na kung'olewa, ukuta ulikandikwa upya, na majirani walijua kasoro za nyumba ya mwenzao. Kosa lake lilikuwa wazi na gharama yake ilibebeka. Saruji ilibadili mambo. Kiwanda cha Wazo Hill kilipoanza uzalishaji mwaka 1966, nyumba ya kudumu ilisogea karibu na ndoto ya mwananchi wa kawaida. Lakini kosa la nyumba ya saruji hufichika, na kulirekebisha kwaweza kula akiba ya maisha yote. Nyenzo zilibadilika, desturi ya kukagua haikubadilika.

Baada ya Uhuru tulipata fursa ya kuanza upya. Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 ilihamisha mamilioni ya watu na kuzipanga nyumba kwa mistari. Kipimo cha mafanikio kilikuwa idadi ya waliohamia. Kwa mara nyingine dola ilihesabu nyumba bila kutazama chini yake. Miji midogo nayo ikakua kwa kufuata njia. Mikumi, uliopo kando ya barabara kuu ya kwenda Iringa na Zambia na jirani na Hifadhi ya Taifa iliyoanzishwa mwaka 1964, ni mfano mmojawapo: mji wa wasafiri na wafanyabiashara, ambako nyumba hujengwa kidogo kidogo, kila mavuno au kila mshahara.

Gharama ya mazoea haya tumeiona. Mwishoni mwa Desemba 2009 Mto Mkondoa ulivunja tuta lake pale Kilosa. Maelfu ya watu walipoteza makazi, na reli ya kati ikasimama kwa miezi. Januari 2014 mafuriko yakarudi wilayani, safari hii upande wa Dumila na Magole. Wala msiba si wa mabondeni tu. Machi 2013 jengo la ghorofa 16 liliporomoka Mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, na kuua zaidi ya watu 30. Novemba 2024 likaporomoka jingine Kariakoo. Kila mara tunaunda tume baada ya mazishi.

Si kwamba hatuna taratibu. Kanuni za udhibiti wa uendelezaji miji za mwaka 2008 zinadai kibali, na mwenye kibali hutarajiwa kumwita mhandisi wa halmashauri katika hatua za ujenzi. Wala si kwamba hatuna uwezo. Reli ya kisasa imepita katika milima ya Kilosa kwa mahandaki, na kazi ya namna hiyo haiendi mbele bila udongo kupimwa na zege kujaribiwa. Wilaya moja, udongo mmoja: chini ya treni tunapima, chini ya kitanda cha mtoto tunakisia.

Kwa watumishi wa umma wanaosoma hapa, rai yangu ni moja. Ukaguzi wa msingi ufanywe huduma anayoidai raia, usiwe mtego wa faini. Halmashauri itangaze siku za mhandisi kwa kila kata. Fundi wa mtaani apewe orodha fupi ya mambo ya kutazama kabla ya zege. Na mhandisi anayefika aandike alichokiona, asaini, na amwachie mwenye nyumba nakala. Saini hiyo ndiyo itakayokuwa tofauti kati ya karani wa mwaka 1898 na mtumishi wa Jamhuri: yule alihesabu paa akaondoka, huyu atawajibika kwa kilicho chini ya jamvi.